Mwaka wa Ijumaa Hamsini na Mbili

Tarehe 9 Julai 1910, Halfani Yahaya alilipa kodi ya nyumba, rupia tatu, kwenye boma la Dodoma, akapewa cheti namba 417. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili hivi, mzaliwa wa Kondoa, na kuanzia siku hiyo hakukusudia kumfanyia mtu kazi tena.

Alikuwa amebeba mizigo kwa miaka kumi na mitatu, kisha akawa mnyapara wa wapagazi kwa miaka tisa. Reli ilipofika Dodoma, misafara ilikatika. Wenzake wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge au kupasua mawe ya reli. Halfani hakwenda. Kwa akiba yake alinunua ng'ombe kumi na wanne, tisa kati yao majike, akawaweka Hombolo kwa Matonya, rafiki yake Mgogo. Mapatano yalikuwa ya kawaida katika nchi hiyo: Matonya achunge na anywe maziwa, ndama wawe mali ya Halfani. Kila mwaka madume matatu yauzwe. Jike asiuzwe. Sharti hilo la mwisho halikuwa na mjadala.

Majirani zake wa Makole, mjini Dodoma, hawakuwahi kuona mwanamume mwenye nguvu zake akiacha kazi kwa hiari. Walimwita Bwana Pumzika.

"Bwana Pumzika, umeamka?"

"Nimeamka mapema, nisichelewe kupumzika."

Ukweli ni kwamba hakupumzika sana. Aliiendesha nyumba kama msafara. Njiani mnyapara hugawa posho kituo kwa kituo, na anayekula posho ya kesho hulala njaa kesho. Nyumbani vituo vilikuwa miezi. Madume matatu, kila mmoja kwa rupia kumi na saba, yaliingiza rupia hamsini na moja. Tatu zilikwenda bomani siku ileile. Arobaini na nane zilizobaki alizigawa katika vifurushi kumi na viwili vya kitambaa cha hema kuukuu, rupia nne kila kimoja, na juu ya kila kifurushi akaandika kwa herufi za Kiarabu jina la mwezi, kuanzia Rajabu hadi Mfungo Tisa, kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani utotoni. Humo zilitoka fedha za chumvi, nguo, sabuni, jembe, nyama ya Idi, na nafaka pale shamba lilipopunja. Kila hela iliyotoka, mia moja kwa rupia, iliandikwa.

Nafaka ya ghalani ilikuwa chini ya mkewe, Mwajabu. Aliipima kila Ijumaa, ya kuwatosha wao wawili, binti yao Tabu na mama mzazi wa Mwajabu. Kwa kuwa mumewe alitaka ushahidi wa kila kitu, kila alipopima alikata alama moja kwa kisu kwenye mwimo wa mlango. Siku ya kuuza ng'ombe alikata alama ndefu.

Mpango ulikuwa mzuri, ila haukufika mwisho wa mwaka. Mnunuzi wa ng'ombe alikuja kwa treni kila Julai, wiki ya pili. Mwaka 1911 mwezi wa Rajabu uliandama, vifurushi vyote vimekwisha, na mnunuzi akaonekana siku kumi na moja baadaye. Halfani alizijaza siku hizo kwa mabaki ya mshahara wa safari. Mwaka 1912 pengo lilikuwa siku ishirini na mbili. Aliuza mbuzi wake wawili, wa mwisho.

"Mtu wa mjini yule," alisema. "Kila mwaka analala zaidi."

Aprili 1913, mwanzoni mwa Mfungo Nane, vifurushi vilibaki viwili. Jumanne moja Abbasi alifika nyumbani. Zamani alikuwa mpagazi chini ya Halfani. Sasa alikusanya watu wa kwenda kujenga reli ng'ambo ya Tabora, na alivaa viatu.

"Mnyapara wangu," alisema akiketi, "nimesikia unaishi kisultani."

"Sultani gani anakula mlenda?"

"Basi njoo ule nyama. Miezi sita, rupia ishirini kwa mwezi. Hubebi kitu, unapiga kelele tu kama zamani. Kumi nakupa mkononi ukitia dole gumba kwenye mkataba."

"Mkono wangu wa kushoto haupandi kupita bega."

"Kelele inatoka begani?" Abbasi alicheka. "Na kama hutaki, niuzie jike mmoja. Rupia kumi na nne."

"Jike hauzwi."

"Basi kuna treni Alhamisi. Mimi sibembelezi mtu."

Alipoondoka, Halfani alibaki na karatasi zake. Zilikuwa safi, hakuna hela iliyopotea. Lakini mnunuzi alikuwa amechelewa siku kumi na moja, kisha ishirini na mbili. Mwaka huu angechelewa nyingi zaidi, labda mwezi mzima, labda miwili. Mbuzi hawapo. Kilichobaki ni kuuza jike, na ukishauza mmoja mwakani utauza wa pili, au kutia dole gumba na kurudi kwenye maisha aliyoyaacha.

"Nitakwenda," alimwambia Mwajabu jioni hiyo. "Miezi sita tu."

"Kwa sababu gani, Baba Tabu?"

"Kwa sababu mnunuzi ni mvivu."

"Mnunuzi hajachelewa hata siku moja."

"Mke wangu, nimeandika. Kumi na moja. Ishirini na mbili."

"Na mimi nimekata. Njoo mlangoni."

Alimshika mkono, akamwonyesha alama ndefu tatu kwenye mwimo. "Hizi ndizo siku alizokuja. Hesabu Ijumaa za katikati. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Halfani alihesabu kwa ukucha. Kati ya alama ya kwanza na ya pili zilikuwa hamsini na mbili. Kati ya ya pili na ya tatu zilikuwa hamsini na mbili.

"Angekuwa anazidi kuchelewa," Mwajabu alisema, "za pili zingezidi za kwanza. Sasa niambie miezi yako kumi na miwili ina Ijumaa ngapi."

Zilikuwa hamsini, mara nyingine hamsini na moja. Halfani alizihesabu mara mbili, na mara ya pili hakutumia ukucha, alitumia kijiti.

"Rajabu yako ndiyo inayowahi," Mwajabu alisema. "Mtama wangu haujui Rajabu. Unangoja mvua, nami naungoja."

"Miaka miwili ulijua, ukanyamaza?"

"Uliniambia nikate. Hukuniambia niseme."

Mama mkwe alicheka ndani, kwa sauti, na hakujaribu kuificha.

Halfani hakukasirika. Mtu aliyewahi kuwa mnyapara aliona mara moja faida ya habari hiyo. Kama kosa ni la mnunuzi, hakuna ajuaye atachelewa hadi lini. Kama kosa ni la mwandamo wa mwezi, pengo lina kipimo: siku kumi na moja kwa kila mwaka, mwaka huu thelathini na tatu, wala si zaidi. Njiani aliwahi kuambiwa mara nyingi kwamba maji yako mbele kuliko ilivyodhaniwa. Mnyapara hakurudisha msafara wala hakuuza mizigo. Alipunguza posho kwa theluthi, akaendelea.

Alihesabu. Rupia nane kwa siku tisini na mbili hadi Julai 9: hela nane kwa siku badala ya kumi na tatu, na chache za akiba. Tumbaku iliondoka kwanza, kwa kuwa ilikuwa yake. Nguo ya Mwajabu ilisogezwa hadi Agosti, na Mwajabu akaomba jambo hilo liandikwe. Liliandikwa.

Alhamisi alikwenda stesheni kumwambia Abbasi mwenyewe.

"Utanitafuta," Abbasi alisema kutoka mlangoni mwa behewa.

"Ukipita Julai nitakukaribisha nyama."

Tarehe 9 Julai 1913 mnunuzi alishuka kwenye treni. Nyumbani zilikuwa zimebaki hela ishirini na moja. Matonya alileta madume matatu kutoka Hombolo, bei ikawa ileile, kodi ikalipwa. Usiku huo majina ya miezi yalifuliwa kwenye vitambaa, na vitambaa vikakatwa vidogo. Rupia arobaini na nane ziligawanywa katika vifurushi hamsini na viwili, hela tisini na mbili kila kimoja. Zilibaki hela kumi na sita, za ile siku moja ya mwaka inayobaki nje ya majuma hamsini na mawili. Majike kumi na mmoja wako Hombolo.

Ijumaa, tarehe 11 Julai, Mwajabu anafungua kifurushi cha kwanza.