Ng'ombe Niliyemchora Juu ya Duka la Dawa

Nilimwonea wivu tangu siku aliposhusha mashine yake ya kukata stika hapa Garsen, hatua chache kutoka kibanda changu. Miaka yote mabango ya mji yalikuwa yangu. Hoteli, wauza mbegu, kampuni za usafiri, wote walisubiri rangi yangu ikauke. Yeye, binti wa wafugaji, alimaliza kwa asubuhi moja kazi yangu ya wiki nzima. Watu walimsifu mbele yangu, nami nikatabasamu huku roho inaniungua.

Kisha mwenye duka la dawa za mifugo, mteja wangu wa zamani, akataka bango lenye ng'ombe. Akatuambia kila mmoja alete mfano wake, ili yeye achague. Binti alileta ndama mweusi wa stika, hana pembe, jicho lenyewe tundu tupu.

"Huyu ng'ombe au mbuzi?" nikamcheka.

Mimi nilikwenda malishoni upande wa Tarasaa, nikakaa mbele ya ng'ombe mweupe tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Nilinakili kila kitu: nundu, pembe, mikato miwili ya sikio la kushoto. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kijiji cha Hewani. Mikato ile niliiona urembo tu. Kazi nikapewa mimi. Nikapita mbele ya binti na ngazi begani, nikazunguka nipite tena.

Wiki haikuisha, mwenye duka akaniita. Wafugaji walifika mlangoni, wakatazama juu, wakaondoka. Mmoja wao ndiye aliyetufungua macho.

"Hii ng'ombe iko na mwenyewe," alisema. "Masikio inasema ni ya ukoo gani. Hii duka ni yao siku hizi?"

"Rekebisha leo," mwenye duka akaniambia, "la sivyo namwita yule msichana."

Nikapanda na brashi kuiziba mikato. Binti alikuwa amesimama chini, hajaitwa na mtu.

"Usizibe tu, mzee. Ng'ombe mkubwa bila alama watasema ni wa wizi. Toa pembe, punguza nundu, awe ndama. Ndama bado hajakatwa masikio, hana ukoo."

Yaani yule mbuzi niliyemcheka. Nilitamani ngazi ivunjike. Lakini nilifanya alivyosema, na kesho yake wateja walirudi.

Siku ile niliposhuka ngazi, alikuwa bado anamwangalia ndama wangu.

"Jicho unalifanyaje, mzee? La kwako linamtazama mtu. La kwangu limekufa."

Ni nukta ya rangi nyeupe, inawekwa kabla nyeusi haijakauka. Hata kwa stika angeweza kuikata nukta hiyo. Ni neno la nusu dakika, naye alikuwa amenirudishia kazi yangu bure.

"Ni mkono tu, mwanangu," nikamwambia. "Haufundishiki."

Mpaka leo, akitundika bango jipya lenye mnyama, mimi huangalia jicho kwanza.