Nishani ya Mtoto wa Mkasi

Siku hizi ukipita kwenye kona ile husikii kitu. Zamani ulisikia mashine ya kunyolea ikinguruma, na juu ya mngurumo huo sauti ya mwenyewe, Mkasi, akibishana na mteja aliyefungwa shuka shingoni, asiye na pa kukimbilia. Sasa mlango una mnyororo, na jua limepausha picha za mitindo ya nywele zilizobandikwa nje.

Mwanawe wa pekee, askari, alifia katika nchi ya watu alikopelekwa kulinda amani. Jeneza lilirudi na bendera, na afisa akasoma kwamba marehemu alifariki katika shambulio. Basi. Neno hilo lilimkaa Mkasi kama unywele unaomchoma kinyozi kiganjani: hauonekani, lakini unauma.

Kisha akaja koplo mmoja wa mguu wa bandia, akaketi kwenye kiti.

“Baba, hakufa hivihivi,” alisema. “Gari letu lilikuwa linaungua. Alirudi, akanitoa mimi, akaingia tena kumtafuta dereva. Hakutoka.”

Tangu hapo Mkasi akawa mtu wa kwenda na kurudi makao makuu ya jeshi. Alitaka nishani, ili kitendo kile kitamkwe na waliomtuma mwanawe. Walimwambia asubiri, naye akasubiri, miaka ikaenda. Wateja walimtania.

“Ukiipata utaivaa wewe au utakivisha kioo?”

“Nitaibandika kwenye kipara chako, ving'ae pamoja. Tulia nisikukate sikio.”

Hatimaye yeye na koplo waliitwa mbele ya jopo la maafisa. Asubuhi hiyo Mkasi alimnyoa koplo kwa mkono wake, akampangusa shingo taratibu.

“Usipunguze kitu, mwanangu. Waeleze yote.”

Koplo hakupunguza. Alisimama wima mbele ya meza ndefu.

“Afande, kamanda aliamuru kwenye redio sote turudi nyuma. Wenzetu wakarudi. Marehemu akasema, ‘Hawa siwaachi,’ akageuka kutufuata.”

Mkasi alimtazama kanali aliyeongoza jopo, akingoja uso wake ubadilike. Ulibadilika.

“Amri aliisikia?”

“Kila mtu aliisikia, afande.”

“Akakataa.”

“Alikataa, afande!” Koplo alitamka kwa fahari, kifua mbele.

Kanali aliinamisha macho mezani. Aliponena, sauti yake haikuwa ya ukali.

“Mzee, pole sana. Jeshi halimvishi nishani aliyekaidi amri. Tunalifunga ombi hili leo.”

Kwenye korido koplo aliegemea ukuta. “Baba, ningesema redio ilikuwa mbovu.”

“Kwani ilikuwa mbovu?”

“Hapana.”

“Sasa?”

Mkasi alimshika mkono, wakateremka ngazi polepole, kwa ajili ya ule mguu.

Alifungua tena kibanda, akawa ananyoa bila neno. Mwenye kipara alijaribu kumchokoza, akajibiwa, “Geuka upande huu.” Wateja hawakugombana naye, walihama tu, mmoja mmoja, hadi kodi ikamshinda.

Sasa anaishi kwa dada yake mdogo, ng'ambo ya pili ya mji, katika chumba cha uani. Mchana huwaangalia wajukuu wa dada yake, wazazi wao wakiwa kazini.