Daftari Linaloanzia Kulia

Mwidani wa mtaa wa Shika Adabu alikuwa akichora picha zinazotembea, kazi ambayo Likoni nzima hakuna aliyeijua, na wengi walimwona ana kichaa kidogo. Mchana alipaka rangi mabango ya ofisi ya afya. Alasiri alirudi macho mekundu, akakaa barazani kumchora msichana yuleyule, zaidi ya mara elfu, kila picha mguu au mkono umesogea kidogo tu.

Msichana huyo ni Mejumaa, bintiye, aliyekunywa maji ya kisima mwaka wa hamsini na saba, akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka minane. Mwidani alitaka watu wachemshe maji, basi. Hadithi aliitunga mwenyewe: mtoto anacheka uani, anakwenda kisimani, anakunywa, anaugua, anafunikwa shuka. Ilimla miaka mitatu na macho yake. Mkewe, Mwanatabu, hakuwahi kufungua daftari hata moja. Alisema hana moyo wa kutazama.

Mwaka wa sitini na mbili Nairobi wakafungua televisheni, wakatafuta watu wa kutunga na kutengeneza michoro ya namna hiyo. Mwidani akayashona madaftari yote pamoja, akayapeleka. Wakayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, kisha fundi wao, Gershom, akaileta filamu Likoni pamoja na madaftari, na juu ya hayo habari ya kazi.

Ikaonyeshwa skuli saa tisa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Picha ya kwanza ilikuwa shuka. Mwidani akashtuka. Shuka likafunuka, mtoto akafumbua macho, akaketi, akaenda kinyumenyume hadi kisimani, akarudisha maji kikombeni, akarejea uani akicheka. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Alielewa papo hapo. Tangu chuoni alikosoma Kurani, kitabu kwake hufunguliwa kwa kulia, na nambari hakuweka kwa sababu hakudhani kuna mtu asiyejua mwanzo uko wapi. Nairobi walianzia kushoto. Uchovu wa miaka mitatu ukamwangukia kwa pamoja, akatamani kulala palepale sakafuni.

Lakini Gershom alikuwa anatabasamu.

"Mzee, wakubwa walicheka sana. Walifikiri umekusudia. Iache hivyo, na kazi ni yako. Ya ugonjwa hawataki."

Mwidani alikuwa amechoka na mabango, na mshahara wa Nairobi aliutaka kweli. Ndipo Mwanatabu akainuka upande wa wanawake, uso umelowa, akamwomba Gershom airudie mara moja tu. Ikarudiwa. Safari hii watu walimtazama yeye, na hakuna aliyecheka. Shuka lilipofunuka alishika kifua. Mtoto alipofika uani akavuta pumzi ndefu, akamgeukia mumewe.

"Nimemuona akiinuka, Baba Mejumaa, yanitosha. Sasa tia nambari. Watoto wa watu wasije wakanywa."

Mwidani akatia nambari, kuanzia kulia, siku nne mfululizo. Gershom, kwa kuona haya, akaipiga filamu upya kwa ajili ya ofisi ya afya. Kazi ya Nairobi akapewa mwingine, Mwidani akarudi kwenye mabango yake. Filamu ilizunguka na gari la afya Likoni, Kisauni na Changamwe hadi bendera mpya ikapandishwa, ikianza kwa kicheko na kuishia shukani. Kila ilipoonyeshwa karibu na kwao, Mwanatabu alibaki nyumbani kuchemsha maji.