Kitenzi Kimoja Ndani ya Boksi la Viatu

Tuseme ukweli kabla ya yote: mwanamke huyu hajapata kukimbia tangu awe mtu mzima. Hata mvua ikimkuta njiani, mwendo wake ni uleule, na ukimhimiza atakwambia nguo zitakauka tu. Ndiyo maana ofisi nzima iliangua kicheko mhariri mkuu alipomkabidhi herufi R ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na ndani yake kile kitenzi "run", yaani kukimbia, chenye pia maana nyingine kadhaa wa kadhaa.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la dobi, na mvuke wa pasi hupenya kwenye mbao za sakafu mpaka miguuni pa wafanyakazi. Kuta tatu zimejaa droo za kadi. Amekaa humo miaka ishirini na sita, na jina lake halisi limeshasahaulika. Wanamwita Bi Kadi. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na R ndiyo ilikuwa herufi yake ya mwisho.

Katika R nzima ilipobaki "run" tu, mhariri hakumficha kitu. Kadi zake zifike mezani Ijumaa saa mbili asubuhi, zikiwa zimepangwa, maana ya kawaida mbele na ya nadra nyuma, kwa sababu mpiga chapa huchapa kwa mfuatano anaoletewa. Zisipofika, yatachukuliwa maelezo ya kamusi ya zamani kama yalivyo. Na kamusi ya zamani ilikuwa na neno moja tu: kimbia. Basi.

Neno hilo moja lilikuwa na deni naye la tangu shuleni. Siku moja katika mtihani alitafsiri habari ya mtoto mwenye mafua, akafungua kamusi ya mwalimu kwa ruhusa, akaandika kwa kujiamini kwamba pua ya mtoto ilikuwa inakimbia. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa amweleze ilikuwa inakimbilia wapi. Wenzake walimwita Pua Mbio mpaka anamaliza shule. Kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, ambao wakikutana naye sokoni bado hushika pua. Aliapa kwamba kamusi yake haitamfanyia mtoto wa mtu jambo kama hilo.

Kwa hiyo alikuwa na sharti lake, na halikuwa na msamaha. Neno la Kiswahili haliingii kwenye kadi mpaka litoke kinywani mwa mtu asiyejua Kiingereza. Yeye humweleza mtu jambo lilivyo, hata kwa vitendo ikibidi, kisha hunyamaza na kusubiri. Dobi alionyeshwa shati jekundu ndani ya maji, akasema linachuja. Muuza magazeti, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa chenji, aliulizwa kuhusu mtu anayetaka udiwani, akasema anagombea. Fundi bomba alisema maji yanavuja, mshonaji akasema sweta limefumuka, na yaya wa jirani akasema makamasi yanamchuruzika mtoto. Hiyo ya makamasi aliiandika kwa wino mzito. Chini ya kila kadi aliandika kazi ya mtu aliyempa neno.

Kadi zote alizitia kwenye boksi la viatu, akawa anakwenda nalo na kurudi nalo. Boksi alipewa na mumewe, fundi viatu, ambaye cherehani yake ya ngozi iko barazani na msumari hautoki mdomoni. Kufikia Alhamisi mchana zilikuwa kadi sitini na moja, zimepangwa kwa wiki tatu za kuumiza kichwa. Akaliacha boksi juu ya meza ya chakula, akaenda kununua mkate.

Aliporudi, mumewe alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyefagia nyumba bila kuombwa. Kadi zilikuwa zimetandazwa mezani kwa mistari iliyonyooka. Alikuwa amezipanga zote kwa alfabeti ya maneno ya Kiswahili, kutoka A hadi Z.

Bi Kadi aliweka mkate chini taratibu. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda na maji. Aliketi, akafunika uso, na kwa muda alimchukia mumewe kwa moyo wote. Kisha alimuuliza ni nani aliyemtuma.

"Hakuna aliyenituma," mumewe alisema, na tabasamu likamtoka. "Umemuuliza dobi. Umemuuliza hata yule wa magazeti. Mimi niko hapa barazani kila siku, Kiingereza sijui hata cha kuombea maji, na hujaniuliza neno moja. Nikasema angalau nizipange."

Ilikuwa kweli tupu. Miaka thelathini na nne Bi Kadi amelala kitanda kimoja na mtu asiyejua Kiingereza, na akawa anazunguka mtaa mzima kumtafuta mtu asiyejua Kiingereza. Hasira ikamwisha, aibu ikaingia, na aibu ilimuuma zaidi.

Akainamia meza ili asimwangalie usoni, na hapo ndipo akaona. Kwenye mstari wa herufi E, kadi saba zilifuatana, zote neno moja: endesha. Zilipokuwa zimetawanyika kwenye boksi hakuliona hilo. Saba, na zote ziliandikwa wiki ya mwisho, alipokuwa amechoka, na chini ya kila moja mstari wa kazi ulikuwa mtupu. Alikuwa amevunja sharti lake mwenyewe. Hii haikuwa na tofauti na kamusi ya zamani.

"Baba watoto," alisema, "vuta kiti."

Akaanza kumweleza. Mwenye gari anamchukua jirani barabarani na kumfikisha kwake. Mumewe akatoa msumari mdomoni, akasema anamsogeza. Mashine haina hitilafu, iko kazini. Inatembea, alisema, kama yangu nikiitia mafuta. Mke anayemwamrisha mumewe kaa, simama, nenda, rudi. Anampelekesha, alijibu, na akaongeza kwamba mfano si lazima autafute mbali.

Wakaendelea hivyo kadi kwa kadi mpaka ikabaki moja. Bi Kadi alimweleza mtu ambaye mambo yote ya nyumbani yako mikononi mwake, akiugua siku mbili hakuna anayejua hata sukari iko wapi.

"Huyo anashika nyumba," mumewe alisema. "Ndiyo kazi yangu tangu ulipoanza hiyo herufi."

Walicheka mpaka kadi mbili zikaanguka. Kisha wakazipanga upya wote wawili, mpangilio wa kwanza ukimrudia Bi Kadi kichwani, yeye akisoma, mumewe akipokea, na jua lilikuwa halijazama walipofunga boksi.

Ijumaa mhariri alizipitia kadi baada ya kadi, mvuke wa pasi ukimpanda miguuni. Mwishoni aliinua macho, akauliza fundi viatu huyu ni nani, mbona wenzake wametoa neno mojamoja na yeye peke yake saba.

"Ni mume wangu," Bi Kadi alisema. "Nilianza na mtaa mzima, nikamaliza na yeye. Nilikosea."

Mhariri alifunga boksi. Alisema R imepokewa, na kwamba S haina mtu, ina maneno mengi kuliko R, na miezi miwili iliyobaki inatosha kama watafanya wawili, mke na mume.

Bi Kadi alirudi nyumbani kwa mwendo wake uleule, akampa mumewe habari hiyo pale barazani. Mumewe aliacha kiatu cha mteja juu ya cherehani, akaingia ndani, akarudi na boksi la buti.