Mwalimu Nyamizi na Maombolezo ya Mtu Aliye Hai

Penye wengi huharibika neno. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakupata kufundisha ushairi wa Kiingereza kidato cha tatu mjini Mbeya.

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Juni ingali imeng'ang'ania vioo vya madirisha, Mwalimu Nyamizi Shigela anaingia darasani na chaki kwenye mfuko wa sweta. Vitabu ni kumi na viwili, wanafunzi wanapita arobaini. Wanasoma vichwa vimegusana, kama ndama wanaonyweshwa ndoo moja. Kabla ya kugeukia ubao, analitazama dawati lililo karibu na mlango. Sekela hayupo leo pia.

"Sitiari ni nini?" anauliza.

Zamani wangegombania kujibu. Siku hizi wanatazamana kwanza, kama watu walioulizwa nani kaiba kuku.

"Marcelino."

"Ni kukiita kitu kwa jina la kitu kingine, mwalimu."

"Toa mfano."

Marcelino anafikiri, kisha anakaa. "Naogopa, mwalimu. Nikisema mtu fulani ni mbuzi, halafu akachinjwa je?"

Nusu ya darasa inacheka. Nusu nyingine inamtazama mwalimu kuona atafanya nini.

Nyamizi ana umri wa miaka ishirini na sita na stashahada ya ualimu. Alizaliwa Usukumani, wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na sasa wanaishi nje kidogo ya Rujewa. Kazi yake ni kuwaandaa vijana kwa mtihani wa fasihi ya Kiingereza: wajue istilahi za ushairi, waweze kusema shairi linahusu nini, mapenzi au kifo, vita au upweke.

"Neno la Kiingereza likija peke yake hukaa kama mgeni aliyenyimwa kigoda," anasema. "Mimi humpa kigoda cha Kiswahili kwanza. Tashbihi, sitiari, tashihisi, mubalagha. Yote hayo tunayo. Tunachoazima ni lugha ya mtihani. Akili hatukuazima kwa mtu."

Ni kwa njia hiyo hiyo ya kutafuta kigoda ndipo alipojikwaa.

Mwezi uliopita walifikia mashairi ya maombolezo. Nyamizi akakumbuka nyumbani. Baba yake, kila alipopeleka dume mnadani, aliliimbia njia nzima kana kwamba limeshakwenda zake. "Alilisifu pembe, akalisifu mwendo, akalia machozi ya kweli," anasimulia. "Na dume lenyewe liko hapo hapo, linatafuna mahindi ya watu!"

Basi akawapa wanafunzi kazi: kila mmoja amwombolezee, kwa Kiingereza, mtu au kitu anachoogopa kukipoteza. Sedekia aliililia baiskeli ya kaka yake. Marcelino aliulilia wali wa Jumapili. Sekela, binti mpole wa Ilomba, alimlilia baba yake.

Nyamizi hakujua kwamba katika nyumba ile, kumlilia aliye hai ni kuuita msiba kwa jina lake. Hakuuliza. Sekela naye alijua, lakini aliambiwa ni shairi, na shairi ni somo, na somo halina madhara. Akalikariri jioni moja akipukuchua maharage uani. Baba yake mdogo, Gideoni, karani wa ghala mwenye Kiingereza chake cha ofisini, akasimama kusikiliza.

"Nani huyo amelala?" akauliza.

"Ni shairi, baba mdogo."

"La nani aliyekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unamlilia nani?"

Haikupita wiki, baba yake Sekela, Mzee Andendekisye, akarudi kutoka shambani ameshika ubavu. Kichomi kikamlaza hospitali. Gideoni hakuhitaji kusema mengi. Sekela alitolewa shule, na ukoo ukatoa sharti: hatarudi mpaka mwalimu afike nyumbani, aombe radhi mbele ya watu, na maneno yaondolewe.

Tangu hapo kila kitu kina macho. Wazazi wawili wamekuja shuleni kuuliza watoto wao waliandika nini. Sokoni muuza nyanya alimuuliza Nyamizi, kwa sauti ya utani usio utani, kama ni kweli watu wa ng'ombe wana dawa. Katika ofisi ya walimu kikombe chake, ambacho kila mtu alikuwa akijichukulia ovyo, hakiguswi tena.

Yeye naye ameanza kushuku. Gideoni alisikia shairi moja tu. Nani basi aliyewaambia wazazi wengine? Kila mwalimu anayemsalimia kwa uchangamfu mno anampima upya. "Anayenichekea leo namuogopa kuliko anayeninunia," anasema.

Mkuu wa shule, Ndugu Liberatus Kalinga, ni mtu wa Kalenga na anapenda mambo yaishe. "Kwetu neno hili tungelimaliza kwa kibuyu cha pombe ya ulanzi," alimwambia. "Nenda ukaseme samahani, mwalimu. Neno moja tu. Litakupunguzia nini?"

"Neno moja ndilo lililotufikisha hapa, mkuu."

"Basi ujue somo lako linazungumzwa. Wakisema lifutwe, mimi sitakuwa na la kuwajibu."

Jumamosi Nyamizi anashika njia ya Ilomba. Mzee Andendekisye ameruhusiwa kutoka hospitali. Amekaa uani, blanketi mabegani, amepungua mashavu. Gideoni amesimama nyuma ya kiti. Ndugu kadhaa wameketi kwenye mikeka. Sekela yuko mlangoni mwa jiko, hasogei.

"Shikamoo, baba. Pole na ugonjwa."

"Marahaba. Ndaga, asante, mwalimu. Karibu."

Nyamizi anaomba binti alisome shairi, yeye mwalimu awafasirie. Gideoni anaruka. "Alirudie tena? Mbele ya mgonjwa?"

"Mwache," anasema mzee. "Kama ni la kuniua, lilishajaribu likashindwa."

Mikekani mtu anacheka, kisha anajifanya anakohoa. Sekela anaanza, na nyuma yake mwalimu anakifuata kila kipande kwa Kiswahili:

*Baba amelala, na jembe limeegemea ukuta likingoja.*
*Migomba inaulizana nani atakayeikatia majani makavu.*
*Kiti chake kinamkataa kila anayekikalia.*
*Nami nimebeba maji kutoka mtoni, na maji yote ni machozi.*

Mzee anakitazama kiti alichokalia, halafu anamtazama binti yake kama mtu aliyeletewa mgeni kutoka mbali.

"Kumbe unanionaga namna hiyo," anasema.

"Ndiyo, tata."

"Maneno mazuri," anakatiza Gideoni. "Hata mtego huwekewa chambo kitamu. Mwalimu aseme alilojia, ukoo usikie, mtoto arudi shule Jumatatu."

Mzee anavuta blanketi. "Mwalimu, mimi nimesikia, na moyo wangu umetulia. Lakini hawa ndugu zangu lazima waondoke na kitu. Sema tu, mama. Sema, binti akasome. Mtihani si mwakani?"

Ni mwakani. Nyamizi anamtakia Sekela mtihani huo kuliko anavyomtakia mwanafunzi mwingine yeyote. Ameshasema shuleni kwamba Sekela ndiye atakayekuja kusimama ubaoni siku moja na kufundisha mashairi haya vizuri kuliko yeye. Neno moja, na dawati litapata mtu.

Anamtazama binti. Sekela ameinamisha kichwa, anachimba vumbi kwa kidole cha mguu, anangoja kusikia kama ni kweli alitaka kumuua baba yake.

"Pole nimekupa, baba, na nimeitoa moyoni," Nyamizi anasema. "Mila ya nyumba hii sikuiuliza, na kuanzia sasa nitauliza kabla ya kuwapa watoto kazi. Lakini nikiomba radhi kwa shairi, nitakuwa nimemwambia huyu mtoto, mbele yenu nyote, kwamba mdomo wake ndio uliokulaza hospitali. Atazeeka na neno hilo. Jumatatu nitampokea, Jumanne nitampokea, na mkimchelewesha nitakuja kumfundishia hapa hapa uani."

"Radhi, mwalimu," Gideoni anakazia. "Tunangoja radhi."

"Siombi."