Saa Iliyobaki Nje ya Kioo

Tarehe 14 Juni 2024, Suzanne Etabo alipokea cheti namba 17 cha mafunzo ya siku tano ya kutengeneza tovuti zinazojipanga zenyewe kufuatana na upana wa kioo cha simu. Mafunzo yalifanyika Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, katika ukumbi wa kukodi. Mlangoni palikuwa na beseni la plastiki, na kila mwanafunzi aliacha simu yake humo kabla ya kuingia. Mwalimu, aliyetoka Bukavu, hakutaka kelele.

Kwa siku tano, watu kumi na tisa walijifunza kazi ya simu bila simu. Mwalimu alishika ukingo wa dirisha kwenye kompyuta, akalibana hadi likawa jembamba, akasema, "Voilà, hii ni telefone." Watu wakapiga makofi. Suzanne naye alipiga. Makofi hayo ndiyo yanayomtia kinyaa zaidi anapoyakumbuka.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa tovuti ya chama kimoja cha wenye boti zinazokwenda Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Juu aliweka picha ya rais wa chama, Norbert, amevaa tai. Chini ya picha lilikuwa jedwali: siku, jina la boti, nahodha, na mwishoni kabisa, upande wa kulia, saa ya kuondoka. Norbert aliitazama kwenye kompyuta kubwa ya ofisi yake, akairidhia. Chini kabisa yaliandikwa maneno: Kazi ya Suzanne Etabo.

Mwezi wa tisa, boti ya Alhamisi ilihamishwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa mbili. Suzanne aliandika saa mpya siku hiyohiyo.

Wiki mbili baadaye alikwenda kwa Claver, Mrundi anayechaji simu za watu karibu na soko kwa nguvu ya jua. Kwenye ubao wa Claver hulala simu thelathini hivi, kila moja na namba yake ya karatasi. Mama mmoja alikuwa amekuja kuchukua ya kwake.

"Ni huyu," Claver akamwambia. "Ule wa internet ya boti."

Mama huyo, Adolphine, huuza ndagala, dagaa wa ziwani, na anaishi Ubwari. Alimtazama Suzanne kuanzia viatu kwenda juu.

"Ni we ulinikosesha boti?"

"Namna gani, mama?"

"Nilifungula. Naona uso ya Norbert. Megabaiti zangu zote zinaisha juu ya uso ya Norbert. Nanunua zingine. Naona siku, naona jina ya boti. Saa haiko. Nikakuja saa ine, kama siku zote. Boti imeshaenda."

"Saa iko, mama. Unasukuma na kidole, kwa kuume."

"Nani aliniambia nisukume? Mi nasukumaka mutumbwi."

Claver akacheka. Adolphine hakucheka. Siku aliyoikosa boti alikuwa anakwenda kumzika shangazi yake. Alifika kesho yake, majembe ya kaburi yakiwa yameshaoshwa.

Suzanne aliomba simu ya Adolphine. Kioo kilikuwa na ufa na mafuta ya mawese. Aliufungua ukurasa wake na kuuona kwa mara ya kwanza jinsi watu walivyouona: shavu, tai, jedwali lililokatwa, na jina lake mwenyewe likisomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote. Alirudisha simu, akaenda nyumbani na kukitoa cheti ukutani.

Alianza upya kwa masomo aliyopakua mwenyewe. Sasa alipanga kwanza kwa kioo kidogo kuliko vyote, kisha akapanua. Jedwali alilivunja: kila boti ikapata kisanduku chake, saa juu, kwa herufi nene. Kila jioni alikwenda kwa Claver, na kila aliyekuja kuchukua simu yake aliombwa kuufungua ukurasa na kusema boti inaondoka saa ngapi. Simu ya tisa ilimpa aibu tena, herufi zimepandana. Akarekebisha. Ya kumi na moja ilisomeka sawa.

Picha ya rais aliitoa. Norbert akamwita.

"Batu batajua namna gani kama chama iko na président?"

"Papa président, batu habatafute uso yako. Banatafuta saa."

"Kwa machine ya bureau ilikuwa muzuri." Norbert akaonyesha kompyuta ya ofisi.

"Machine ya bureau haipandake boti."

Norbert alisema atalipeleka neno hilo kwenye kamati ya chama.

Kamati inakaa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Suzanne ataingia na Adolphine, na simu yenye ufa. Picha ikirudishwa, ataliondoa jina lake kwenye ukurasa huo siku hiyohiyo na kuwaachia tovuti yao.