Saratani Inayoangaliwa

Fundi Geti hakuwa mtu wa kuamini haraka. Kwa hiyo daktari alipomwambia ana saratani ya tezi dume, kisha akaongeza kwamba hawataikata wala kuichoma kwa mionzi, moyo wake ulipiga breki.

"Ni ndogo na haina ukali," daktari alisema. "Tutaiangalia kwa karibu. Tutapima damu, tutapiga picha, na mara moja moja tutachukua tena kinyama cha tezi tukipime."

Akirudi karakana, fundi alijiuliza: nani huona nyoka chumbani akaamua kumwangalia tu? Ama ugonjwa umeshammaliza, ama wanamfanyia majaribio. Shemeji yake akatia petroli motoni: "Ukiambiwa subiri, ujue wamekata tamaa."

Fundi hakumwambia mkewe kitu. Siku za kliniki alivaa shati la kutokea, akaaga kwamba anakwenda kupima mlango wa mteja. Mkewe akaanza kunusa mashati.

Huko kliniki alimkuta kila mara daktari mpya, na kila mpya alimuuliza, "Umekuja na tatizo gani, mzee?" Shaka ikaota mizizi. Akaacha kwenda, akasubiri aone kama atatafutwa. Kimya. "Kama kweli wananiangalia," alimwambia shemeji yake, "mbona hawajui nimetoroka?"

Msimu wa mvua ukapita. Siku moja simu yake ililia akiwa bafuni, mkewe akaipokea. Sauti nyororo ya kike ikasema, "Mwambie ametupotea sana. Tunamhitaji."

"Mnamhitaji kwa lipi?"

"Samahani mama, hilo nitamwambia mwenyewe."

Fundi alitoka na taulo kiunoni akamkuta mkewe mlangoni, simu mkononi. Alijaribu kuzungusha maneno, akashindwa. Akasema yote.

Mkewe alikaa kitandani. "Afadhali ungekuwa na mwanamke," alisema machozi yakimtoka. "Ningejua pa kuanzia."

Walikwenda pamoja. Mwenye ile sauti alikuwa nesi wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Mkewe hakungoja salamu ziishe. "Daktari, mnangoja nini? Afe?"

Daktari, yule yule wa kwanza, hakukasirika. "Hapana, mama. Ila kosa ni letu. Tulisema tunamwangalia, na hapakuwa na wa kumwangalia. Sasa nesi huyu kazi yake ni kuwafuatilia wagonjwa hawa, na mzee ataniona mimi tu. Kipimo cha damu kikipanda, tutachunguza zaidi. Kinyama kikionyesha saratani imekuwa kali, tutatibu bila kuchelewa. Wengi hawafiki huko. Na kukata kuna gharama yake mwilini: mkojo huweza kuvuja, na mambo ya chumbani yakalegea."

Fundi alikohoa. Mkewe akaangalia dari.

"Hicho kinyama kisomwe na mtaalamu mwingine pia," fundi alisema, akitarajia ubishi.

"Ni haki yako," daktari alijibu.

Kinyama kilichukuliwa upya. Wataalamu wawili wakasoma jambo moja: saratani ipo, haijabadilika.

Fundi hakugeuka mtu wa kuamini. Bado humkazia macho daktari anapofungua majibu, na usingizi humkimbia siku ya kliniki ikikaribia. Lakini nesi akipiga simu, anakwenda. Mkewe huingia naye hadi ndani, na wa kwanza kuuliza maswali ni yeye.